Salamu Tatu Mbele ya Wazee wa Pamba

Hili nilitaka nife nalo, lakini kwa kuwa nusu ya Bariadi wanalijua, afadhali mlisikie kwangu kabla hawajaongeza chumvi.

Kazi yangu ni katuni za kompyuta, zile za kubonyeza: ukigusa kitufe, inaruka hadi sehemu unayoitaka. Bi Limi, afisa kilimo wetu, aliniombea nafasi niwaonyeshe wazee wa ushirika wa pamba jinsi ya kupulizia dawa bila kujidhuru (msimu uliopita baba yangu mdogo alipulizia bila barakoa, akaanguka shambani). Mwenyekiti akasema akiridhika katuni itazunguka vijijini mpaka Shishiyu, asiporidhika tusimpotezee muda tena.

Asubuhi ile, tumeshafika ukumbini, Bi Limi akanikumbusha kuwa kwetu Usukumani mtoto haanzi mambo ya kazi na wazee kabla ya kuwasalimu, nami nikachukua binti niliyemchora zamani, nikambandika mwanzoni, apige magoti awasalimu kwa Kisukuma wa kulia, wa katikati na wa kushoto. Fremu mia mbili, yaani picha mia mbili mfululizo. Sikujaribu tena (kiherehere hicho), nikawasha projekta.

Binti akasalimu, wazee wakaitika vizuri, vitufe vikatokea. Nikabonyeza "Barakoa". Binti akapiga magoti: "Mwangaluka." Wakaitika, salamu haikataliwi. Nikabonyeza "Bomba". "Mwangaluka." Wakaitika wachache. Nikabonyeza "Upepo", na safari hii aliitika mwenyekiti peke yake, tena haangalii ukuta, ananiangalia mimi.

Nikadanganya kuwa programu inasumbua, nikafungua skripti, yale maagizo yanayoendesha katuni, palepale, nikisahau projekta inaonyesha kila kitu: nenda fremu 60, nenda fremu 120, nenda fremu 180. Ndipo nikaelewa. Salamu zangu zilikuwa zimesukuma somo lote mbele, lakini vitufe vilibaki na namba za zamani, ambazo sasa zote zilikuwa ndani ya salamu! Nikasahihisha, na kwa haraka, pale palipokuwa na amri ya kusimama nikaandika amri ya kurudi fremu ya kwanza. Basi binti akawa anapiga magoti, anainuka, anapiga tena, wala hapumziki.

"Binti," mwenyekiti akaniambia taratibu, "salamu tumepokea. Dawa tutapuliza lini?"

Bi Limi akafunika laptop yangu, akavaa barakoa aliyokuja nayo, akabeba bomba lake mgongoni, akawafundisha kwa dakika kumi. Wazee wakaridhika, wakapanga aende Shishiyu yeye na bomba lake. Baba mdogo, aliyekuja kumwona mwanawe aking'ara, alitoka bila kuniaga, na hilo ndilo lililoniliza.

Siku hizi kila sehemu ya katuni naipa jina, vitufe vinafuata jina, na nikiongeza hata fremu moja najaribu upya mpaka mwisho. Lakini mwenyekiti tukikutana sokoni husimama, husema, "Mwangaluka," naitika. Anasubiri kidogo, anarudia. Naitika. Anarudia mara ya tatu, watu wanatuangalia, nami naitika tena, maana salamu haikataliwi.