Azimio la Chupa

Mama yangu mdogo hajawahi kuchangia hata neno moja katika mikutano ya kuokoa dunia, lakini yote ameihudhuria mwanzo mpaka mwisho. Ni mhudumu wa ukumbi wa mikutano, ule mkubwa wenye milango ya vioo. Hupanga viti, hutandika meza, na mbele ya kila mjumbe huweka kalamu, peremende na chupa ya maji. Matatizo ya dunia anayafahamu kwa masalio yake. Mkutano wa njaa, anasema, ndio wenye mabaki manono kuliko yote: mapande ya nyama, keki, matunda yaliyoumwa mara moja yakaachwa. Mkutano wa ongezeko la joto huuendea na sweta, kwa sababu viyoyozi hufunguliwa mpaka wajumbe wanavaa makoti. Ule wa ukosefu wa ajira ulifana sana, ila wiki hiyohiyo uongozi wa ukumbi uliwaachisha kazi wahudumu kadhaa ili kubana matumizi. Mama mdogo alibaki, akafanya kazi ya waliofukuzwa pamoja na yake.

Lakini mikutano aliyoipenda kwa moyo wote ni ya uhaba wa maji.

"Hao sasa ndio watu," alikuwa akituambia. "Mtu anapanda pale mbele analia kiu ya walimwengu, anashuka, anapiga funda moja, anasahau chupa yake, anafungua nyingine. Mungu awazidishie!"

Usimwone mwehu. Nyumbani kwetu bomba lipo, tena zuri, lilizinduliwa kwa kukatwa utepe. Ukilifungua linakohoa, linatoa upepo, basi. Na ndani kuna bibi, mama mzazi wa mama mdogo, aliyepooza upande mmoja na hawezi kujigeuza kitandani. Nesi alituambia bila kupindisha maneno: mzee huyu aoshwe asubuhi na jioni, shuka lake lifuliwe kila siku, la sivyo atatoka vidonda mgongoni na vidonda hivyo vitamwua. Maji tunayonunua kwa wasukuma mikokoteni yanaishia kwenye sufuria na vikombe. Maji ya bibi yalitoka mkutanoni.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kikao kikivunjika, mama mdogo alikusanya chupa zilizoachwa, akaingia nazo kwenye korido ya nyuma, akamimina masalio yote ndani ya dumu la njano. Kuchota maji ya bomba la ukumbi ni wizi, na mlinzi wa getini angekukamata. Lakini maji ya chupa iliyokwisha kuguswa na mdomo wa mjumbe ni takataka, na takataka ni ya atakayejitwisha. Mlinzi yuleyule ndiye aliyekuwa akimsaidia kulipandisha dumu kichwani. Wahudumu wenzake walimbatiza mama mdogo jina la Masalio, naye aliitika bila kinyongo.

Jioni tulimwosha bibi, mimi nikimshika mabega, mama mdogo akikamua kitambaa. Ulimi wa bibi haukupooza hata kidogo.

"Leo naoga maji ya nani?"

"Ya waziri, mama."

"Hakuyanywa?"

"Atayanywa saa ngapi? Alikuwa anahutubia."

"Mungu ampe pumzi, aendelee."

Kufa kufaana. Dunia ilikuwa inakauka na bibi yangu alikuwa analala pakavu, ngozi yake nyororo, hana hata kipele. Sioni haya kusema kwamba tuliomba mikutano iendelee na wasiafikiane mapema. Kwa hilo la pili dua zetu zilikuwa zinapokelewa vizuri sana.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ulikuwa mkutano mkubwa wa maji, na mimi nilipata kibarua cha kukunja vitambaa vya meza, kwa hiyo sikusimuliwa, nilikuwepo. Mama mdogo alikuwa amepiga magoti kwenye korido, chupa zimemzunguka kila upande, anamimina. Mara akatokea mjumbe mmoja, mama mtu mzima, miwani ameipandisha kwenye nywele, anatafuta choo. Alipomwona, akasahau choo.

"Jamani, pole mama! Kazi yote hii ni ya hizi chupa?"

"Asante mama, nimeshazoea."

"Zinakuumiza?"

"Aa, mgongo tu kidogo, nikiinama."

Mjumbe akaweka mkono kifuani. Akaomba ampige picha, akampiga, akauliza tena kwa sauti ya kwenye msiba, "Na ukizitazama chupa hizi zote, moyoni unajisikiaje?"

Angeweza kumwambia ukweli: moyoni najisikia raha, mama, zingekuwa nyingi zaidi ningekuja na dumu la pili. Lakini wahudumu wamekatazwa kuzungumza na wageni mambo ya nyumbani kwao, na msimamizi wao ana masikio mpaka kwenye kuta. Akasema lile ambalo mhudumu humwambia mgeni ili aende zake.

"Ni nyingi mno, mama."

Mchana huo yule mjumbe alipanda jukwaani, na nyuma yake, kwenye pazia kubwa jeupe, akatokea mama yangu mdogo amepiga magoti, mkubwa kama nyumba. "Mtazameni," mjumbe alisema, na sauti ikamkatika. "Mwanamke huyu mnyonge anavunjika mgongo akimwaga maji yetu ili aiokoe dunia kutokana na plastiki yetu. Ameniambia kwa kinywa chake: ni nyingi mno!"

Ukumbi ukasimama. Watu walipangusa macho. Tangu mkutano uanze walikuwa wakivutana nani atalaza mabomba kwenye mitaa kama wetu, na suala hilo walikuwa wameshalipeleka kwenye kamati, kamati ikalipeleka kwenye mkutano ujao. Lakini la chupa halikuhitaji kamati. Waliafikiana papo hapo, bila hata mmoja kupinga: kuanzia saa ileile, chupa za plastiki marufuku ukumbini, daima. Kila mjumbe atapewa chupa yake ya chuma, atajaza kwenye mtambo wa maji, ataondoka nayo. Maazimio ya ukumbi ule yamejaza kabati zima na sijasikia lililofika hata mtaa wa pili. Hili lilitekelezwa kabla ya chai.

Wakamwita mama mdogo jukwaani. Alipanda na aproni yake, mikono bado imelowa. Mwenyekiti akamkabidhi chupa ya chuma inayong'aa, imeandikwa "Kila tone ni uhai", kisha akamsogezea kipaza sauti.

Mimi nilikuwa nyuma na vitambaa vyangu, nikimwambia kimoyomoyo. Sema, mama mdogo! Waambie!

Alimtazama msimamizi. Akawatazama wajumbe. "Nashukuru," alisema. "Ila sasa… maji je?"

"Maji yapo, mama, ondoa shaka!" mwenyekiti alijibu akicheka. "Kila mtu atakuwa na yake!"

Walimpigia makofi mpaka aliposhuka ngazi.

Tulirudi nyumbani na dumu ambalo halikufika hata robo, maji ya asubuhi tu. Bibi alikuwa anatusubiri, na harufu ya chumba ilitueleza kuwa amesubiri sana.

"Mama, leo nimepanda jukwaani," mama mdogo alisema. "Wamenipa na zawadi."

Bibi aliipokea chupa kwa mkono wake mzima, akaitikisa karibu na sikio.

"Hamna kitu?"

"Hamna."

"Hata funda moja hawakutia?" Akairudisha. "Mkono mtupu haulambwi, nilifikiri watu wakubwa wanajua."

Mama mdogo alimimina maji kidogo kwenye beseni, akakamua kitambaa. "Leo tutaosha mgongo tu, mama. Miguu tutaipangusa."

"Na kesho?"

"Kesho kuna mkutano mwingine."

"Wa nini?"

Mama mdogo akachovya kitambaa. Nikajibu mimi. "Wa afya ya wazee, bibi."

Tulipomaliza mgongo, bibi akauliza. "Nao watakuja na chupa zao?"

"Nao."

Akageuza uso ukutani. Maji ya kufulia hayakubaki. Nililichukua shuka lililolowa, nikaligeuza upande wa pili, nikamtandikia lilelile.