Hita ya Gesi na Pua ya Mkwe

Siku nyingine za kijijini kwetu Ngonga nazikumbuka kama vitu nilivyoviona chini ya maji. Alasiri ile wadudu wa ziwani walikuwa wameinuka juu ya Ziwa Nyasa, wamesimama angani kama moshi usio na moto, na mashamba ya mpunga yalikuwa yakicheza kwa joto mpaka huwezi kujua yanaishia wapi. Katika hewa hiyo, ambayo ingeweza kuivisha yai, mimi nilikuwa nafunga hita.

"Mwalimu wangu," mwenye duka wa mjini Kyela, mtu mwenye asili ya pwani, alikuwa ameniuliza, "joto la bure halikutoshi, unataka na la kununua?"

Nikamweleza kwamba ni ya maji ya kuoga ya baba, ambaye magoti yake yanadai maji ya moto kila siku.

"Basi Mungu amponye. Ila mtungi ukae nje. Na asiyenusa asiachwe nao peke yake."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Baba hanusi. Ugoro ulimaliza pua yake zamani. Samaki aoze mezani, yeye ataomba chumvi. Mimi hushinda mjini. Anayebaki nyumbani ni mke wangu, mwenye pua inayojua leo maziwa yatakayoganda kesho. Lakini kwa mila yetu, yeye na baba hawakutani. Mkwe wa kike hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hatamki jina lake. Baba akikohoa kwenye kona ya nyumba, mke wangu huacha njia na kuingia migombani. Mimi nina shahada mbili, na nimewahi kuandika makala ndefu ya kuipinga mila hiyo. Mke wangu aliisoma, akanisahihishia nukta, akaendelea kuingia migombani.

Fundi alifika kwa bodaboda. Akaitundika hita ukutani kwa nje, chini ya upenu, upepo unapopita. Alisema hita ya namna hii ikifungwa ndani ya bafu lisilo na hewa humlaza mtu usingizi asiamke. Mtungi akausimamisha kivulini, akaunganisha mpira, akafungua koki. Kisha tukaenda mbele ya nyumba kukoroga sabuni ya kupimia, kazi niliyokabidhiwa mimi kwa sababu ya elimu yangu.

"Mzee, hili ni povu au chai?" fundi akaniuliza, akaongeza sabuni.

Hatukujua kwamba baba, aliyekuwa na taulo begani tangu asubuhi, alikwishaingia bafuni. Na hita ile hujiwasha yenyewe: ukifungua bomba la maji tu, inatoa cheche.

Ndipo nikasikia kutoka uani sauti ya mke wangu, kubwa namna ambayo haijapata kuwa baba akiwa karibu, ikielekezwa kwa kuku aliyekuwa akipekua hapo.

"Wewe kuku! Kuku wewe! Aliye bafuni asiguse bomba! Gesi inavuja, nainusa mpaka huku!"

Majani ya migomba yalining'inia bila kutikisika. Niliona kila kitu kikielea, na mimi katikati yake, nimeshika bakuli la povu.

"Kuku," sauti ya baba ikatoka bafuni, polepole. "Mwambie aliyekutuma, ndaga fijo, asante sana. Mkono nimeshautoa."

Fundi alikimbia akafunga koki, akamtoa baba nje, akakataza hata kiberiti. Tukangoja upepo wa ziwani usafishe hewa. Alipofungua tena kidogo na kupaka povu kwa sponji, mapovu yakavimba pale mpira unapoingia kwenye regulata, pale juu ya mtungi, makubwa, ya kung'aa, mazuri mno kwa kitu cha kuua. Akafunga, akakata ncha ya mpira iliyochanika, akaukaza upya kwa kibano, akafungua, akapaka tena. Povu likalala.

"Nipe hiyo sponji," baba akasema.

"Baba, fundi ameshapima."

"Fundi anarudi Kyela. Wewe unarudi kwenye vitabu vyako. Mtungi ukibadilishwa, hapa anabaki nani?"

Baba akakohoa, kama kawaida yake. Nilingoja kusikia majani ya migomba yakipishana. Badala yake mke wangu akatokea kwenye kona, ubavu ubavu, macho kwenye mtungi. Baba naye akaukazia macho mtungi. Akaanza kupaka.

"Na kwa chini," mke wangu akauambia mtungi.

Baba akapaka chini.

"Nyuma bado, baba."

Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kusikia neno hilo likitoka kinywani mwa mke wangu kwenda kwa baba. Baba alishika ukuta, akainama kwa yale magoti, akapaka nyuma, akatazama muda mrefu.

"Sioni kitu. Wewe unanusa chochote?"

Mke wangu alisogea hatua moja, akavuta pumzi.

"Hapana, baba. Kaoge."