Nilivyomnunia Wakili

Mkalimani wangu wa Guangzhou alikuwa Mrundi aliyesomea sheria za kimataifa, na kwa bahati mbaya yangu alizisoma akazielewa. Mimi nilitoka Mwanza kufuata vitambaa vya jumla pale soko la Zhongda. Madukani alinitafsiria bei, na tukikaa kula akanitafsiria dunia, bure, nitake nisitake. Nilimwita Wakili. Aliniita dada, hata siku nilizomkera.

Somo lake lilikuwa moja: serikali zimetia saini kwamba zitazuia mauaji ya kimbari.

"Sikiliza, dada. Si kwamba zitaacha kuua. Hiyo hata jambazi anaweza kuahidi. Zimeahidi kuzuia. Voilà, ndiyo hivyo." Wajibu, alisema huku akininyooshea kijiti cha kulia wali, unaanza siku serikali inapojua kuna hatari, haungoji maiti. Mwenye mkono unaofika mbali ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi. Na usije ukajitetea kwamba hata ungejaribu usingefaulu, maana hukuahidi kufaulu. Uliahidi kujaribu kwa kila ulichonacho.

"Mbona zinajaribu sana," nikamwambia. "Juzi nimezisikia redioni zinasikitishwa. Nyingine zinafuatilia kwa karibu."

Alicheka mpaka chai ikampalia. Lakini mambo hayo hakuyatoa vitabuni tu. Wanafunzi wenzake waliuawa shuleni kwao, na wakubwa wa eneo lile walijua siku mbili kabla. Alipokua akatoa ushahidi dhidi ya mmoja wao. Yule mkubwa akapandishwa cheo, na Wakili akapanda ndege. "Nikirudishwa," aliniambia mara moja tu, "yule bwana atanipokea mwenyewe." Viza yake ilikuwa imeisha tangu kabla ya Olimpiki.

Miaka ile polisi walikuwa wakali kwa pasipoti. Kwa hiyo sisi wenye makaratasi tulikuwa na utaratibu wa kuwalinda wasio nayo: ukiona polisi wanaingia jengo, unambipu mtu wako mara tatu mfululizo, naye akitoka anambipu wa kwake. Hapokei, hupotezi hata senti. Kila mmoja alikuwa na mtu wake. Wangu alikuwa Wakili.

Sasa ile siku ya maua. Nilikuwa nimechagua majora ya kitambaa cha magauni chenye maua ya zambarau, nimekipenda hasa, nabembeleza bei. Badala ya kutafsiri, Wakili akasema mbele ya laoban, yaani bosi wa duka: "Dada, haya ni mapazia." Kisha akamtafsiria na bosi kwa Kichina, neno kwa neno, kama yuko kizimbani. Duka zima likacheka, mpaka mama aliyekuwa akikata sampuli.

Kwetu, mtu akikuumbua hivyo hugombani naye. Unamnunia. Na kanuni za kununa ni kali kuliko mikataba yote aliyowahi kunisomea: anayepiga simu kwanza ndiye ameshindwa. Siku ya kwanza hakupiga. Ya pili hakupiga. Nikawa nakula peke yangu, najiona mshindi.

Siku ya tatu, mchana, nilikuwa kwenye kibanda cha tambi mkabala na jengo letu la maduka. Wakaingia polisi wanne na mmoja aliyevaa kiraia. Nilijua Wakili yuko ghorofa ya tatu na wateja wake Wakongo, nilimwona akipanda. Polisi wakaanza na maduka ya chini, mlango kwa mlango. Nikatoa simu, nikaiangalia. Nikawaza: nikibipu ataona jina langu, atajua nimejishusha. Halafu nikawaza, na hapa ndipo ninapojichukia, kwamba mtaa umejaa Waafrika, lazima mmoja ameshampa taarifa. Nikaiweka simu kando ya bakuli, nikaendelea kufuatilia kwa karibu. Tambi zilikuwa na pilipili nzuri. Nilizimaliza.

Walimshusha kalamu ikiwa bado sikioni. Nilisimama, nikakaa tena.

Tulipokutana jioni kuulizana, ikaonekana kila aliyekuwa mtaani aliwaona polisi, na kila mmoja alidhani mwenzake ameshabipu. Huyu alikuwa anapimiwa mzigo, yule simu yake ilikuwa kwenye mkoba. Tulisikitishwa mno. Tulikubaliana kwa kauli moja kwamba hali ile haivumiliki, kisha tukaenda kulala. Kitandani nikajitetea kwamba hata ningebipu, pengine asingewahi kutoka. Nikaona aibu palepale, kwa sababu utetezi huo nilishafundishwa kwamba haufai, tena na mtu ambaye usiku ule alikuwa amelala mahabusu.

Baada ya wiki tatu simu yangu ikaita. Alikuwa Baiyun, uwanja wa ndege. Ofisa mmoja alikuwa amemruhusu apige simu moja kabla ya kupandishwa ndege ya kumrudisha kwao. Hakuuliza mizigo yake wala nguo zake.

"Dada, siku ile uliwaona wakiingia?"

Uongo nilikuwa nao tayari: nilikuwa chooni. "Niliwaona," nikasema. "Nilikuwa nimekununia."

Akauliza, "Uliwaona muda gani kabla hawajafika juu?"

"Kama dakika kumi."

"Kumi," akasema taratibu, kama mtu anayeandika. "Ngazi za nyuma zilikuwa zinataka mbili."

Hakunifokea. Ningetoa chochote anifokee. Nyuma yake nikasikia mtu akimwita kwa Kichina, naye akajibu kwa Kichina, kwa adabu kabisa, kisha laini ikakatika. Ndipo nikasema samahani.