Kengele ya Mama Owuor

Ngo. Mtungi wa gesi uligonga ngazi ya saruji mara moja tu, kisha kimya. Akech aliusikia akiwa kwa jirani yake Salme, kikombe cha chai mkononi, akasema, "Kuna mtu ameletewa gesi leo." Salme akajibu kwamba huyo ana bahati, yake imebaki ya kuchemshia yai. Wakaendelea na chai. Akech aliporudi kwake, mlango wa pili tu kutoka hapo, alikuta kufuli limekatwa, meza haina televisheni, na jikoni duara la kutu sakafuni mahali mtungi wake uliposimama miaka yote.

Alikuwa amewasikia wezi wake mwenyewe, akawatakia heri. Tangu siku hiyo hakuliamini tena sikio lake.

Mwanawe Owuor alikuja jioni ileile kutoka Njiru, akasema mama ahamie kwake. Akech alikataa. Nyumba hii ya Umoja waliiongeza chumba kwa chumba, yeye na marehemu mumewe Owino aliyekuwa karani wa reli, na hadi leo, akitoka sokoni anakoshona mapazia, huwasha taa ya sebuleni kwanza, kwa kuwa Owino alipenda kuiona ikiwaka. Wakakubaliana hivi: aweke kengele ya wezi, ile rahisi ya kujiwekea mwenyewe, isiyo na kampuni ya kulipa kila mwezi. Jumamosi Owuor angekuja kuijaribu. Isipofaa, angepakia vitu kwenye pikapu siku hiyohiyo.

Kumbe kengele nazo zina makabila. Katika kibanda cha vifaa vya umeme, muuzaji aliyeitwa Kui alimpangia boksi juu ya boksi.

"Hii inatumia laini ya simu, mathe. Mwizi akiingia, inakupigia."

"Nikiwa sokoni, cherehani inakimbia, simu iko chini ya vitambaa?"

"Basi chukua hii ya WiFi. Mtoto wako anaona nyumba yako yote akiwa huko Njiru."

Akech alijiona akisonga ugali huku Owuor akimtazama kama taarifa ya habari. "Na stima ikipotea?"

"Hapo sasa inalala."

"Mwizi je, naye analala?"

Kui akacheka, akamsukumia boksi dogo kuliko yote. Ndani mlikuwa na sumaku ya mlangoni, king'ora cha betri na rimoti ya kubonyeza ukitoka na ukirudi. Maelezo yake yalikuwa ya Kichina, yenye picha ya mwanamke anayetabasamu kando ya mlango wa mbao. Akech aliitikia kwa kichwa kila alichoambiwa, na alipofika barabarani hakukumbuka hata kimoja.

Mlango wake ulikuwa wa chuma. Sumaku iliuganda kama kupe, na king'ora kikawa kinalia mlango ukifungwa na kunyamaza ukifunguliwa, au hakilii kabisa, au kinalia akiwa ameketi tu anakitazama. Aligeuza boksi juu chini. Alimpigia Owuor, akakata kabla hajapokea. Mwisho alikata kipande cha mpira wa patipati kuukuu, akakibandika kati ya sumaku na chuma, na kwa sababu asiyoijua, kitu kile kikatulia.

Alhamisi asubuhi alikijaribu. Alifungua mlango bila kubonyeza rimoti, na nyumba nzima ikapiga mayowe. Alisimama nyuma ya pazia, akingoja kuona nani atakuja.

Nje, Mulongo, fundi wa viatu aliyekaa karibu na geti, aliinua kichwa. Aliinuka, akaliendea gari lililoegeshwa mbele ya nyumba, akalipiga teke gurudumu, akarudi kwenye kiatu chake. Mama mmoja alipita na mkungu wa ndizi bila kugeuka. King'ora kililia mpaka Akech mwenyewe akaanza kukizoea.

Hatimaye Salme alitokea mlangoni, leso begani.

"Mama Owuor, hilo gari linalolia ni la nani? Nimeshindwa kusikia redio."

"Ni mimi."

"Wewe ni gari?"

Akech alibonyeza rimoti, kukawa kimya. Akaketi kitini. "Mama Zaki, niambie ukweli. Hapa kuna spika za kanisa, kuna honi, kuna yule wa kununua simu mbovu na kipaza sauti chake. Ni kelele gani ingekutoa ndani?"

Salme aliwaza. "Mtu akiita mwizi. Hapo wote tunatoka."

Wakatazamana. Wote wawili walitoka siku ile kijana alipokamatwa kwenye kona kwa ajili ya simu. Walipofika, watu walikuwa wameshamzunguka, na hakuwa akiomba tena. Salme alishusha macho kwanza.

"Sitaki kurudi nikute hivyo mlangoni kwangu," Akech akasema. "Kwa televisheni?"

"Basi unataka nini?"

"Sijui. Nataka mtu aje. Lakini sitaki watu waje." Alijisikia anavyoongea, akaona kwamba hata yeye mwenyewe hajielewi.

Ijumaa alirudisha boksi. Kui alimsikiliza mpaka mwisho, kidole kwenye kidevu, kisha akatafuta chini ya meza. "Kuna hii. Unairekodia maneno yako mwenyewe, mlango ukifunguliwa inayasema. Wenye maduka wanaichukua iseme karibu wateja. Lakini mlango ni mlango, mathe. Itasema unachotaka."

Jumamosi asubuhi Owuor alipiga simu kusema anatoka Njiru, pikapu ameipata. Kipande cha patipati kilikuwa mahali pake, chini ya sumaku mpya, na Salme, aliyekuja bila kuitwa, alikuwa amekishika kile kidude kipya kwa mikono miwili, kama anayeshika kikombe kilichojaa.

"Bonyeza, sema."

Akech alibonyeza, akatazama ukuta. Waliposikiliza, kulikuwa na pumzi tu, na kwa mbali nyundo ya Mulongo.

"Umerekodi fundi," Salme akasema. "Akija mwizi atashonewa viatu."

"Niseme nini basi?"

"Wataka nani aje?"

Akech alifikiria jina la Owuor, lakini Njiru ni mbali. Alifikiria jina la Owino. Akamtazama mwanamke aliye mbele yake, ambaye tangu walipokuwa na watoto mgongoni hajawahi kumwita ila Mama Zaki.

"Na ukinisikia, utakuja?"

"Siku ile ya mtungi ningejua, ningekuja na mwiko. Bonyeza."

"Nipaze sauti?"

"Kidude kitapaza. Wewe sema tu."

Akabonyeza, akainama mpaka midomo ikakaribia vidole vya jirani yake.

"Salme," akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "njoo. Mimi siko."