Sikio la Ng'ombe wa Dafroza

Leodgar, fundi viatu wa Mugango, alipofariki, ndugu zake waligawana baiskeli, redio na koti la baridi. Mjane wake, Dafroza, akaachiwa vile ambavyo hakuna aliyevitaka: kisu cha kukatia soli, nyundo, kigogo cha kupigilia, na gunia la kandambili zilizokwisha kazi, ambazo wenyewe walizileta kutengenezwa kisha wakaona haya kuja kuzichukua.

Mwanzoni alitaka kuzichoma. Lakini alasiri moja, akiwa amekaa na soli ya bluu mkononi, kisu kikaanza kutembea chenyewe. Akachonga sato. Akampaka masizi ya kibatari, akamgandamiza mlangoni. Sato akabaki pale mlangoni, ana magamba, ana jicho, amekasirika kama sato yeyote aliyetolewa majini. Dafroza akacheka peke yake. Jua lilipopungua makali mlango mzima ulikuwa umejaa samaki, na jirani yake Petronila, aliyekuwa akipita na ndoo, akasimama.

"We Dafroza, huo ni mlango au ni nyavu?"

"Ni nyavu. Ingia unaswe."

Hiyo ilikuwa miaka ambayo duka la ushirika lilikuwa na mwenye duka tu. Sukari haikuwepo, sabuni haikuwepo, na watu walipanga foleni bila kujua wanapangia nini, mradi foleni ipo. Katika hali hiyo nani angeagiza kadi za Krismasi? Lakini watu wa Mugango walikuwa na watoto Mwanza, Shinyanga na hata Tanga, na walizoea kutumiana heri. Petronila ndiye aliyekuja wa kwanza kuuliza kama yule sato wa mlangoni anaweza kwenda kwa mwanawe Tanga. Dafroza akasema mlango hauingii kwenye bahasha, ila sato ataingia.

Ndivyo kazi ilivyoanza. Karatasi ngumu alizipata Bunda, kwa binamu yake aliyefanya kazi kwenye pamba, ambaye alimwekea maboksi yaliyotupwa. Rangi nyeusi ilikuwa masizi na gundi ya mgunga. Ya buluu ilikuwa bluu ya kufulia. Ya njano ilikuwa manjano ya jikoni, na ya zambarau ni ile dawa ya vidonda ya zahanati, mabaki ya chini ya chupa ambayo mganga alimpa huku akimwonya asiinywe. Kila rangi ilikaa kwenye kitambaa kilicholowa, ndani ya kifuniko cha kopo.

Mapambo ya kukata ndiyo yalikuwa fahari yake. Alichukua bati la kopo la maziwa, akalikata ukanda mwembamba, akaupinda hadi ukawa nyota, au moyo, au jani, na kuunoa ukingo wa chini. Hicho ndicho kikatio. Anakiweka juu ya karatasi, karatasi juu ya kigogo, anapiga nyundo mara moja tu, pa! Nyota inadondoka, na tundu la nyota linabaki. Hakutupa kitu. Nyota aliibandika kwenye kadi moja, na tundu likawa dirisha la kadi nyingine.

Herufi zilimtesa. Kadi zake za kwanza za Krismasi zilitoka na maneno yaliyotembea kinyumenyume, hata padri akamwuliza kama hiyo ni lugha ya Wayahudi. Dafroza akajifunza kuchonga herufi kwa kuzigeuza, akizikagua kwenye kioo kidogo cha mkononi. Picha hakuzigeuza kamwe. Kwa nini azigeuze? Sato akitazama kushoto ni sato, akitazama kulia ni sato.

Kisha mambo yakaanza kulegezwa. Mitumba ikaja, sabuni ikarudi, na madukani mjini Musoma zikatokea kadi za kiwandani, zinang'aa kama mafuta, zina waridi na maneno ya Kiingereza. Petronila alimletea moja aione. Dafroza akaigeuza huku na huku, akainusa, akasema ni nzuri, na siku hiyo hakuchonga kitu.

Kwa hiyo Boniphace, mtoto wa kaka yake aitwaye Makongoro, alipokuja kuomba kadi ya kupeleka ukweni, Dafroza hakumficha.

"Nenda mjini, mwanangu. Siku hizi ziko za kila aina."

"Nimeziona, shangazi. Zina bata wenye shingo kama bomba la maji. Mzee Wanzagi ataniuliza hao bata ni wa nani."

Mzee Wanzagi alikuwa mfugaji wa Butiama, na binti yake, Wankyo, ndiye Boniphace aliyemtaka. Mahari ilikwisha kubaliwa. Tatizo lilikuwa maneno. Mtu fulani alikuwa amemwambia mzee kwamba watu wa ziwani wana nyavu, hawana ng'ombe. Kwamba siku ya mahari huazima kwa majirani, na arusi ikiisha wenye ng'ombe huja kuwadai kwa baba wa binti. Mzee Wanzagi hakulala vizuri tangu asikie hayo.

"Ndiyo maana nataka kadi yako," Boniphace akasema. "Itangulie kabla ya ng'ombe. Nichongee ng'ombe mwenye alama yetu, mzee aizoee mapema. Akiwaona wakija atajua ni wetu, si wa kuazima."

"Baba yako hukata sikio gani?"

"La kulia. Pembe tatu, hapa." Akajifinya sikio lake mwenyewe.

Dafroza alijua samaki. Ng'ombe alikuwa akiwapisha njia tu. Ikabidi aende akae mbele ya ng'ombe wa Petronila akimtazama, naye ng'ombe akimtazama yeye, hadi Petronila akauliza kama wameanza kuposana. Alichonga kwenye soli nene kuliko zote gunia zima. Ng'ombe alisimama ubavu, uso kaugeuzia kwa mtazamaji, pembe zimeinuka, macho mapole. Kwenye sikio la kulia akaweka pembe tatu ndogo, safi, ambayo hata mwenye kisu cha kweli angeionea wivu. Mbele ya ng'ombe alikata lango la zizi kwenye karatasi, la kufungua kwa kidole. Ukifungua, ng'ombe huyo hapo.

Petronila alipoiona hakutania. Alisema tu, "Hao bata wakajinyonge."

Mshenga alikuwa Bernado, mtu mrefu, mpole, mwenye shati moja jeupe alilolitunza kwa kazi za heshima. Aliichukua kadi, akaenda nayo Butiama, na siku ya pili akarudi nayo. Boniphace, aliyekuwa kwa shangazi yake akisubiri habari njema, akaruka kusimama.

"Amesemaje?"

"Kaa chini," Bernado akasema. Akamgeukia Dafroza. "Dada, huyu ng'ombe wako ni wa Keraryo."

"Keraryo ni nani?"

Keraryo, Bernado akaeleza, ni mzee jirani yake Wanzagi. Ng'ombe wake huwakata pembe tatu kwenye sikio la kushoto. Mtamba wake, ng'ombe jike ambaye hajazaa, alipotea tangu mvua za vuli, na hajaonekana. Sasa Bernado alipofika, Keraryo alikuwa amekaa hapo akinywa uji. Wanzagi akafungua lile lango la karatasi. Keraryo akaweka kibuyu chini, akasogea, akapiga kelele: "Mtamba wangu! Wezi hawana haya, wamenitangazia kwa kadi!"

"Lakini ni sikio la kulia!" Boniphace akasema.

"Tazama mwenyewe."

Wakatazama. Ng'ombe aliwatazama kwa upole, sikio lake la kushoto limekatwa pembe tatu.

Dafroza akaenda kuuleta mhuri, ile soli aliyomchonga ng'ombe. Kwenye mpira, pembe tatu ilikuwa sikio la kulia. Kwenye karatasi, la kushoto. Akashika mdomo. Herufi alikuwa akizigeuza miaka yote. Ng'ombe hakumgeuza. Hakujua kwamba kwa wafugaji ng'ombe naye husomwa.

"Mzee amesema," Bernado akamalizia, "Wankyo hatoki pale mpaka ijulikane hao ng'ombe ni wa nani."

Boniphace akakaa kizingitini. "Shangazi, heri ningepeleka bata."

Kesho yake Dafroza akapanda lori la pamba pamoja na Bernado, mhuri na kopo la rangi ya zambarau vimefungwa kwenye kanga. Walishuka njiani wakamalizia kwa miguu. Kwa Wanzagi waliwakuta wazee wawili wamekaa, mwenye nyumba na Keraryo, mtu mfupi mwenye fimbo ndefu. Wankyo alileta viti na maji. Alipoinama kumpa Dafroza kikombe, akamnong'oneza:

"Shikamoo, shangazi. Nakuomba, leo usichonge kitu kingine."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kufuta nilichochonga."

Salamu zilipokwisha, Dafroza akasema kosa ni lake. Akautoa mhuri, akawapa wazee waushike. Wakakubaliana kwamba pale kwenye mpira sikio lililokatwa ni la kulia. Kisha akaupaka rangi, akaugandamiza kwenye kipande cha boksi. Ng'ombe akatoka na sikio la kushoto.

Keraryo akamtazama Dafroza kwa jicho la pembeni. "Mpira wako huo unahamishaga masikio?"

"Hauhamishi, mzee. Unageuza."

"Mimi nimechunga tangu utoto. Sijaona ng'ombe aliyegeuka masikio kwa kulaliwa na karatasi."

"Tujaribu na kitu ninachokijua," Wanzagi akasema. "Mkono huu nakuliaga ugali, hauwezi kunidanganya." Akachovya kiganja cha kulia kwenye rangi, kabla Dafroza hajamwambia kwamba haitoki upesi, akakigandamiza kwenye boksi. Kisha akaurudisha mkono juu ya alama yake. Ukaenea sawasawa, kidole kwa kidole.

"Unaona?" Keraryo akapiga fimbo chini. "Haukugeuka! Kulia ni kulia!"

Bernado akafunga macho. Nyuma ya mlango kulisikika Wankyo akivuta pumzi.

"Mzee," Dafroza akasema taratibu, "ng'ombe wangu amekutazama usoni. Na kiganja nacho ukitazame usoni. Kiinue."

Wanzagi akainua kiganja cha zambarau mbele ya macho yake. Dole gumba lilielekea kulia. Akatazama boksi. Dole gumba lilielekea kushoto. Akatazama mkono, akatazama boksi. Akarudia. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kilichomtingisha hata kiti.

"Keraryo, lete mkono wako."

"Sitaki."

"Lete, we mtu!"

Keraryo akapakwa. Wakakaa wazee wale wakiinua na kugandamiza viganja, wakibishana kama watoto kwenye matope, hadi boksi likajaa na Keraryo mwenyewe akawa anamweleza Wanzagi jambo lile kana kwamba ndiye aliyeligundua. Kisha akakumbuka shida yake.

"Basi mtamba wangu yuko wapi?"

"Hilo sijui, mzee," Dafroza akasema. "Pole sana."

Wanzagi akaacha kucheka. "Keraryo, sema mbele ya watu hawa. Ng'ombe wa Makongoro unawadai au huwadai? Ukiwadai, binti yangu anabaki. Sitaki mtu aje kugonga hapa baada ya arusi."

Keraryo alikuwa ameuchukua mhuri, anauzungusha karibu na macho. Alipitisha kidole kwenye pembe, kwenye macho mapole, kwenye ile pembe tatu.

"Ng'ombe siwadai," akasema mwishowe. "Namdai huyu. Akilalia karatasi anatoka na alama yangu. Nitamgandamiza kila mahali, watu wajue ninayemtafuta."

Dafroza akautazama mhuri wake. Hakuwahi kuchonga kitu kizuri kama kile, na soli nene kama ile haikuwemo tena gunia zima. Alifungua mdomo kusema atamchongea mwingine. Akamwona Wankyo amesimama mlangoni, trei tupu kaikumbatia kifuani. Akafunga mdomo.

"Mchukue, mzee."

"Na rangi?"

"Na rangi."

"Basi sidai," Keraryo akasema kwa sauti kubwa. "Sidai leo, sidai kesho. Ng'ombe wa Makongoro ni wa Makongoro."

Wanzagi akamgeukia mshenga. "Mwambie Makongoro alete ng'ombe baada ya mavuno. Na wewe, mama, kadi nyingine usilete. Masikio yao tutayasoma wenyewe."

Vigelegele vikapasuka nyuma ya mlango, kabla mtu hajaruhusu. Bernado akasimama, akainama kwa heshima kuaga, na hapo akahisi kitu cha baridi kikimgandamiza mgongoni. Keraryo alikuwa nyuma yake na kopo mkononi.

"Unapitia njia kuu?" mzee akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Vizuri. Tembea wima, asikunjike."

Bernado hakuwa na la kufanya. Barabarani Dafroza alitembea nyuma yake, akiuma upindo wa kanga asicheke, kwa sababu ng'ombe yule wa zambarau alipendeza sana kwenye shati jeupe, na kila Bernado alipopiga hatua alionekana kama anachunga. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia kando ya njia akanyoosha mgongo.

"Ninyi wapita njia! Huyo ng'ombe wa mgongoni ni wa nani?"

Dafroza akasimama. Akaweka mikono mdomoni, ili asikike shambani, na barabarani, na ikiwezekana hadi kwa Wanzagi.

"Wa mzee Keraryo!" akaita. "Sikio la kushoto!"