Kisu cha Kamando na Punda wa Mama Naserian

Nilifikisha miaka arobaini na tisa bila kulala porini hata mara moja. Mimi ni fundi mapazia mjini Morogoro, na pori ninalolijua ni uwanja wa jirani yangu asiyefyeka. Shemeji yangu Paskali, mume wa dada yangu Eliza, ni mwalimu wa shule ya msingi Karatu. Kila Krismasi alikuwa akinisema kwamba ni aibu Mtanzania mzima kuiona Ngorongoro kwenye kalenda tu. Mwaka huu alinipigia simu: shule zimefungwa, amepanga matembezi ya miguu kutoka Nainokanoka hadi Empakaai, siku tatu. Hema lipo, punda wa kubeba mizigo wapo, askari wa hifadhi wa kutusindikiza yupo.

"Wewe njoo na viatu na sweta," alisema.

Alisema viatu na sweta. Mimi nikasikia kisu.

Kwa mwezi mzima, kila nilipofunika cherehani jioni, nilitazama video za wanaume wenye ndevu wakipasua magogo kwa visu. Nilijifunza kwamba kisu cha porini kisiwe cha kukunja, maana penye kiungo ndipo panapovunjika. Nilijifunza kwamba msuka, ule mkia wa chuma unaoingia kwenye mpini, sharti ufike mpaka mwisho wa mpini. Nilijifunza pia kufunga fundo ambalo, kwa maneno ya mmoja wa wenye ndevu, halifunguki kamwe. Katika yote hayo, ni hilo la fundo tu lililonikaa vizuri.

Karatu, asubuhi. Nilikuwa nimefika kwa basi jioni ya jana yake, nikala makande ya dada yangu na kulala kama gogo. Saa tatu tulikuwa kwenye duka la vifaa vya utalii, kando ya barabara kuu. Muuzaji, dada mmoja mchangamfu aliyevaa koti la mvua la kampuni fulani ya watalii, alinitolea visu viwili ambavyo mfuko wangu ungeweza kuvibeba. Cha kwanza kilikuwa kifupi, mpini wa plastiki mwekundu, bapa jembamba lisilo na pambo lolote. Cha pili kilikuwa cheusi, kirefu kama mkono wangu hadi kwenye kiwiko, kina meno mgongoni na dira mwishoni mwa mpini.

"Hiki ni cha kamando," alisema kwa sauti ya kunipa siri.

"Msuka wake unafika wapi?" niliuliza, ili ajue anaongea na mtu anayejua.

"Unafika mpaka Arusha, kaka. Hata kule tunauza."

Akazungusha ile dira, mpini ukafunguka. Ndani mlikuwa na njiti za kiberiti, uzi na ndoana ya kuvulia samaki. Mtu mwenye akili angejiuliza: kama mpini uko wazi ndani, msuka umekaa wapi? Mimi nilijiuliza mbona ndoana ni moja tu.

Paskali alikigusa kile chekundu. "Shemeji, hiki kinatosha. Tunakwenda kukatia vitunguu."

"Na tukifika porini?"

"Huko porini ndiko tutakakokatia vitunguu."

Nilinunua cha kamando. Nilikivaa kiunoni papo hapo, kikawa kinanigonga paja kila hatua kama mtoto anayedai kubebwa.

Nainokanoka, alasiri. Kutoka Karatu gari lilipanda kwenye vumbi jekundu, likapita lango la hifadhi, likaingia kwenye ukungu mzito wa ukingo wa kreta, miti ikitokeza na kupotea. Kreta yenyewe, ambayo nilikuwa nimeingoja miaka arobaini na tisa, ilikuwa nyeupe tupu. Paskali alimwambia dereva asimame ili niitazame. Niliutazama ukungu kwa heshima zote, tukaendelea.

Nainokanoka tulipokewa na baridi, ng'ombe wakirudi, na askari wa hifadhi, mtu mrefu mwenye bunduki begani. Alinisalimia, halafu macho yake yakashuka kiunoni kwangu.

"Silaha hiyo ya kazi gani, mzee?"

"Ya dharura."

"Dharura ipi?"

"Yoyote."

Aliitazama bunduki yake, akakitazama kisu changu. "Basi leo mimi nitalala," alisema.

Mwenye punda alikuwa Mama Naserian, mama wa Kimaasai wa umri kama wangu, mwembamba, mashuka mawili begani na raba za plastiki miguuni. Paskali alimwamkia kwa Kimaasai, "Takwenya," naye akaitika, "Iko." Punda wake walikuwa wawili. Mkubwa, jike la kijivu, ndiye aliyekuwa akimbebea maji, na mahindi kutoka dukani. Huyo, Paskali aliniambia, ndiye miguu ya nyumba nzima.

Siku ya pili, saa moja asubuhi. Mama Naserian alikuwa akifunga mizigo. Nilimtazama akizungusha kamba na kuikazia kwa kitanzi ambacho kingefunguka kwa kuvuta ncha moja, nikaona huruma. Nikamwomba anipishe.

"Hilo lako litaachia, mama. Nina fundo la uhakika."

"Punda hafungwi kwa uhakika," alisema. "Anafungwa kwa kufunguliwa."

Nilidhani Kiswahili kimempiga chenga. Nikafunga fundo langu mara mbili, chini ya tumbo na mbele ya kifua. Paskali alikuwa anahangaika na hema, hakuona. Mama Naserian alilivuta lile fundo, likakataa. Akaliacha, kwa kuwa mimi ni mgeni.

Kuelekea Bulati, kama saa nne. Njia ilikuwa imeliwa na mvua, na majani yalikuwa bado na umande. Tulikuwa tunakata ubavu wa kilima juu ya korongo dogo, askari mbele, mimi nyuma kabisa nikipiga picha. Punda wa kijivu alikanyaga ukingo, udongo ukaporomoka, akateleza kwa makalio hadi korongoni. Si mbali, labda urefu wa nyumba. Lakini mzigo ulizunguka ukaja chini ya tumbo, na kamba ya kifuani ikapanda shingoni. Mzigo ulikuwa unavuta upande mmoja, yeye upande wa pili. Nilisikia sauti yake ikikatika, kama bomba linalokauka maji.

Mama Naserian alishuka lile korongo kabla yetu sote. Vidole vyake vilikuwa kwenye fundo. Fundo halikufunguka. Kwa mara ya kwanza niliamini video.

Basi nikashuka mimi, kamando, nikachomoa kisu. Nakumbuka niliwaambia wajisogeze. Nilisugua kamba kwa yale meno. Yakateleza, yakachana nyuzi mbili tatu. Nikageuza upande wa makali, nikakandamiza kwa nguvu zangu zote. Kukasikika mlio mdogo, tik, kama kifungo kinachokatika. Bapa likabaki limelala kwenye manyoya ya punda. Mkononi nilibaki na mpini, na kutoka ndani ya mpini zikamwagika njiti za kiberiti, moja baada ya nyingine.

Jicho la punda lilikuwa limegeuka jeupe.

Mama Naserian alinisukuma kwa bega, nikakaa kwenye matope. Kutoka chini ya shuka alitoa kisu kifupi kisichozidi kiganja, mpini wake umezungushiwa mpira wa baiskeli. Akapitisha kidole chake kati ya kamba na shingo, kidole kikawa ndicho kinga ya ngozi, akavuta mara mbili. Kamba ikaachia. Punda akalala vile vile bila kusogea, kwa muda ambao sitaki kuukadiria. Halafu mbavu zikainuka.

Yule mama alimshika masikio yote mawili, akaweka paji la uso wake kwenye paji la punda, akawa anamwambia maneno ya Kimaasai mfululizo, kwa sauti ya chini. Hapo ndipo nilipoona kwamba kidole chake kinavuja damu.

Nilimfunga kidole kwa leso yangu. "Mama," nilisema, "lile fundo ni langu. Kosa ni langu."

"Najua," alisema. Baadaye aliokota ndoana iliyodondoka karibu na goti lake, akaigeuza geuza. "Na hii?"

"Ya kuvulia samaki."

"Kule ziwani Empakaai maji ni ya magadi. Samaki hakuna." Akanirudishia, taratibu, kama mtu anayemrudishia mtoto jino lake.

Siku hiyo nilibeba mzigo wangu mwenyewe hadi Bulati, na sehemu ya mzigo wa punda. Hakuna aliyeniagiza, na hakuna aliyenizuia.

Bulati, jioni. Tulipiga hema karibu na maboma. Paskali alisonga ugali. Mimi nilikaa mbali kidogo, nikijifanya nachunguza viatu. Mama Naserian alikuja akaniwekea miguuni sufuria ya viazi na kile kisu chake.

"Menya."

Nikamenya. Kisu kilikuwa chepesi, kinakaa mkononi bila kuuliza maswali, na maganda yalitoka membamba kama karatasi. Nilimwuliza alikipata wapi.

"Mnadani. Nilimwambia muuzaji anipe kamba nijaribu. Wa kwanza alikataa, nikaenda kwa wa pili."

"Kwa nini alikataa?"

"Alikuwa anauza ala nzuri ya ngozi, si kisu," alisema.

Niliona haya kwa sababu ya kazi yangu. Miaka ishirini na tano sijawahi kununua mkasi bila kuujaribu kwenye kitambaa kizito, ncha hadi shina. Ningemcheka fundi anayenunua mkasi kwa kuwa una dira.

Empakaai, siku ya tatu. Ukungu ulitupisha. Chini kabisa ziwa lilikuwa la kijani kibichi, ukingoni ndege aina ya heroe wengi kama maua ya waridi yaliyomwagika, na upande wa pili mlima Oldonyo Lengai umesimama peke yake. Nilikaa nikaangalia kwa saa nzima, bila kutaka kukata chochote. Tulipojiandaa kuelekea barabarani, ambako gari lilikuwa linatungoja, Mama Naserian alinikabidhi ncha ya kamba. "Funga, nione." Nilifunga kitanzi chake. Akavuta ncha, kikafunguka. "Tena," akasema, na mara hii akakiacha.

Daa, wilayani Karatu, siku ya kurudi. Nilimwomba Paskali anipeleke kwa mhunzi anayemjua, mzee mmoja wa Kiiraqw anayefua visu kwa springi za magari nyuma ya shamba lake la vitunguu. Aliniuliza kabla sijakaa: "Cha kukata nini?"

Nilitaka kusema dharura. Nikasema, "Kamba, mkate, viazi. Na vijiti vya kuwashia jiko."

Akanichagulia kifupi, bapa nene kiasi, msuka unaonekana mpaka mwisho wa mpini, umepigiliwa misumari mitatu. Bei yake ilikuwa chini ya ile ya Karatu. Akanipa kipande cha kamba bila kuombwa. Nikakata mara moja, kamba ikaanguka. Akaniambia nikipake mafuta kila nikimaliza kazi, maana chuma hiki hushika kutu, na nikinoe kwa jiwe la kawaida.

Nilichojifunza ni kwamba kisu huchaguliwa na kazi, na mwenye kisu anatakiwa kuijua kazi yake kabla hajafika dukani. Naandika haya kwa uhakika kabisa. Ila sitawaficha: juu ya kichwa cha yule mzee, ukutani, kilining'inia kisu kingine kirefu chenye ncha iliyopinda na mpini wa pembe. Macho yangu yaliganda pale. Nilikuwa nimefungua mdomo kuuliza msuka wake unafika wapi, Paskali akanishika shati kwa nyuma, akamshukuru mzee kwa niaba yangu, tukaondoka.