Raketi Iliyokaa Moshini

Baba yangu aliita raketi yangu chujio. Si kwamba alisema siku moja kwa utani akaacha. Kila nilipofika nyumbani Samuye nayo mgongoni, nikamwamkia, "Shikamoo, baba," aliitikia, "Marahaba. Umekuja na chujio lako?" Halafu anacheka peke yake, anamwita mama aje aone.

Nami, nikwambie mapema, sina subira. Ninafundisha hisabati sekondari huko Geita, na wanafunzi wangu huijua hasira yangu kabla hawajalijua jina langu. Basi namjibu kwamba chujio hili limenishindia mechi za Jumamosi dhidi ya wanawake niliowazidi miaka kumi, na yeye na raketi yake ya mti je? Ananiambia, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Namwambia ya kale si dhahabu, maana dhahabu mimi naiona Geita kila siku, na nyingi ni vumbi tu. Mama anatuambia tunyamaze, chakula kinapoa.

Lakini moyoni nilimheshimu baba yangu kuliko mchezaji yeyote niliyewahi kumwona. Ujana wake wote alikuwa mtunza viwanja vya tenisi kwenye klabu ya mgodi wa almasi, upande wa Maganzo. Alimwagia udongo maji, akaushindilia, akachora mistari kwa chokaa, na wakubwa wa mgodi walipomaliza kucheza na kwenda kunywa, yeye alibaki anapiga mpira ukutani. Alijifunza kwa kuangalia tu, hakufundishwa na mtu. Mhandisi mmoja alipomaliza mkataba wake akamwachia raketi ya mti, kwa sababu, alisema, haoni mwingine anayeistahili. Baba alisimulia maneno hayo mara nyingi mno, na kila mara alisimama wima wakati wa kuyasema.

Nilifundishwa kwa raketi hiyo. Ilikuwa nzito, kichwa chake kidogo kama sahani ya kikombe cha chai, ukiangalia hivi unajiuliza mpira utaonaje pa kugonga. Mpini baba aliuvika ngozi ya mbuzi. Nyuzi zake zilikuwa za utumbo wa ng'ombe, jambo ambalo wenzangu wa Geita wakilisikia wanakunja pua, ila sisi tulikuwa watoto wa wafugaji, hatukuona ajabu. Ukiupata mpira katikati kabisa, mkono hausikii kitu. Mpira unatulia kidogo pale kwenye nyuzi, kana kwamba unakuuliza uende wapi, kisha unakwenda. Mlio wake ni mzito, mfupi, wa chini. Na ukikosea kidogo tu, mama yangu! Maumivu yanapanda mpaka kwenye kiwiko, na mpira unaanguka miguuni pako mwenyewe. Baba hakuhitaji kunikosoa. Alikuwa amegeuka kuangalia pembeni, akisikia mlio anasema, "Umechelewa," au "Umekunja mkono," na ni kweli nilikuwa nimechelewa, nimekunja mkono.

Hii yangu ya kaboni ni kitu kingine. Ni nyepesi, ina uso mpana, unaizungusha kwa kiganja na mpira unavuka wavu unajikunja na kushuka ndani ya mstari wakati mwenzako ameshaamini umetoka. Nikikosea, inanisamehe. Mlio wake ni mkali na wa juu, na mara nyingi siwezi kujua kwa sikio kama nimepiga vizuri au vibaya. Nikiulizwa ipi bora, nasema mti ulinitia adabu na kaboni imenipa ushindi, na anayetaka kugombana zaidi ya hapo aje kiwanjani.

Baba alipostaafu tukahamia Samuye, kwenye mashamba na ng'ombe wake. Mwaka wa kwanza tu mchwa wakala mguu wa kiti. Mama hakusubiri. Aliichukua raketi, akaipaka samli, akaining'iniza juu ya jiko la kuni, kwenye moshi, pamoja na mahindi ya mbegu. Kwetu kila cha thamani huenda moshini. Mbegu hukaa humo fukusi wasiziguse. Fimbo ya kuchungia hukatwa, ikamenywa, ikapakwa samli, ikawekwa moshini mpaka iwe nyeusi, nayo humzika mwenyewe bila kuvunjika. Fimbo za mama yangu zilisifika. Wanaume walitoka vijiji vya mbali kumwomba awawekee fimbo zao moshini kwake.

Kwa hiyo akaitunza raketi ya mume wake vivyo hivyo. Kila mwezi aliishusha, akaifuta masizi, akaipaka samli, akairudisha. Tenisi yenyewe hakuijua hata kidogo. Aliwahi kuniuliza kwa nini tunapigiana mpira mmoja wakati tunaweza kununua wa pili. Ila alijua mume wake anapenda nini, na hakutaka kiliwe na mdudu.

Sasa mwaka jana macho ya baba yakaanza kumtupa. Alikuwa anagonga milango kwa bega, anamwaga chai. Nikampeleka hospitali, daktari akasema ni presha ya macho, imeshakula pembeni kote na kilichobaki ni katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilichokwenda hakirudi. Dawa ya matone ingesaidia kushikilia kilichobaki, kwa muda. Tulipotoka nje baba akanishika mkono, akaniita mayu, yaani mama, kama alivyonizoea kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Akasema, "Mayu, kabla sijazima kabisa, nataka tucheze mara moja. Mimi na wewe. Kwenye kiwanja cha kweli." Mtu huyu hakuwahi kuniomba kitu maishani mwake. Nililia mpaka muuza karanga akanipa pole.

Nikaapa kwamba atacheza, na atacheza kwa raketi yake mwenyewe.

Jioni ile tuliporudi, mama akiwa anasonga ugali, nikasema nataka niichukue raketi niende nayo Geita ikafungwe nyuzi mpya, maana zile za utumbo zilikuwa zimekauka na kukatika zamani. Nilidhani baba ataruka kwa furaha. Akasema, "Iache tu."

"Kwa nini?"

"Nitacheza hata na ubao. Iache ilipo."

Nikapandisha sauti. Nikamwambia huo ni ukaidi, miaka yote ananitukania raketi yangu, leo namletea yake anakataa. Hapo mama akaacha mwiko ndani ya chungu. "Mpe mtoto," alisema. "Kwani mimi nilikuwa naitunza kwa ajili ya nini, ya panya?"

Baba akainuka. Akaishusha yeye mwenyewe, akipapasa. Akaigonga mara moja kwa kidole, karibu na pale kichwa kinapoungana na mpini, akaweka sikio, jinsi watu wanavyogonga chungu sokoni kabla ya kununua. Kisha akanikabidhi. "Haya, chukua," akasema, na akaanza kula.

Geita yuko fundi anayefunga nyuzi kwa mashine, mtu mpole sana. Aliigeuza ile raketi nyeusi huku na huku, akainusa. "Dada, mti huu umekauka mno. Tuufunge kwa kulegeza." Nami na mdomo wangu! Nikamwambia raketi ya baba yangu naijua kabla yeye hajazaliwa, avute inavyotakiwa, mzee hawezi kuchezea wavu wa samaki. Akavuta. Alipofika kama kwenye uzi wa tisa tukasikia kaa! Bega la raketi, pale pale baba alipogonga kwa kidole, likafunguka mbele ya macho yangu. Tabaka za mti ziliachana moja moja, na katikati yake ukamwagika unga wa rangi ya kahawia.

"Gundi imekufa," fundi akasema taratibu. "Hii ilikuwa inakaa wapi?"

"Moshini."

"Moshini?"

Ndipo nikaelewa, mimi mwalimu wa hisabati. Fimbo ni mti mmoja. Raketi ni miti mingi myembamba iliyobanwa kwa gundi, na gundi haipendi joto la jiko. Tuliilinda na mchwa, tukaiua kwa moto. Nilimkasirikia fundi, nikamkasirikia mama, kisha nikabaki na mimi mwenyewe niliyesema ivutwe. Nikakaa kwenye benchi lake nikalia kwa sauti, sina aibu kusema.

Baadaye nikafanya anachofanya kila mwoga. Nikaibandika kwa gundi ya seremala, nikalizungushia bega utepe mweusi, fundi akanipitishia nyuzi kwa mkono, legelege, za kuonekana tu. Nikaitia kwenye mfuko wake na kufunga zipu.

Baba akaja, nikamlaza kwangu, na Jumamosi asubuhi nikampeleka kwenye kiwanja cha saruji tunachochezea. Alivaa kaptura nyeupe ya enzi za klabu, imefuliwa mpaka imekuwa nyembamba. Nikamwambia, bila kumtazama, kwamba nyuzi mpya zinahitaji kutulia, aanze na yangu, mimi nitatumia ya kuazima. Hakubisha, na hilo peke yake lingetosha kunishtua. Akaipima mkononi. "Nyepesi hivi," akasema, "inampigia nani?"

Nikamrushia mipira polepole. Wa kwanza ukampita. Wa pili, wa tatu. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha nikamwona ameinamisha kichwa kidogo, hatazami tena, anasikiliza mpira unapodunda. Wa nne akaugusa, tena vibaya kabisa, pembeni karibu na fremu. Kwa raketi ya mti mpira huo ungemfia miguuni na kumwumiza mkono. Huu ukapanda, ukavuka wavu, ukaanguka kwangu.

"Ala!" akapiga kelele. "Umevuka?"

"Umevuka, baba!"

"Chujio lina huruma hili!"

Tukapiga. Mara mpira ulivuka na kurudi mara sita bila kuanguka, mara tisa, mara kumi na moja. Na mkono wake, jamani. Mimi napiga kwa kiganja, kwa haraka, kama ninavyoongea. Yeye aliupeleka mkono nyuma kabisa, bila pupa, akauleta mbele wote mzima, hadi raketi ikamalizia juu ya bega. Alikuwa anapiga mapigo ya mti kwa raketi ya kaboni, na sijawahi kuona kitu kizuri namna ile kwenye kiwanja kile, kutoka kwa kijana wala mzee. Mmoja aliupiga kwa mkono wa nyuma, ukanyooka kandokando ya mstari. Nilikimbia kweli kweli, sikumwachia, na sikuufikia. Nilisimama pale nahema, nina furaha mpaka nataka kugombana na mtu.

Tulipokaa kunywa maji akasema, "Haya. Lete yangu niishike."

Nikajifanya nafunga kamba za viatu. Yeye akavuta mfuko mwenyewe, akafungua zipu, akaiweka magotini. Kidole chake kikapita mpini, ngozi ya mbuzi, kikafika begani, kikasimama kwenye utepe.

"Baba, nisamehe. Ni mimi. Fundi aliniambia, nikambishia—"

"Tulia. Hii haikufa mkononi mwako."

Akasema alijua imekufa tangu mwaka wa pili wa kukaa jikoni. Siku moja mama akiwa kisimani, yeye aliishusha, akapiga mpira ukutani, akasikia imelegea ndani. Tangu hapo akiigonga humjibu kwa sauti ya chungu chenye ufa.

"Sasa kwa nini hukuitoa kwenye moshi? Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Mama yako?" Akanigeuzia uso mzima, ili anipate pale katikati anapoonea. "Mtu anakula ugali na mlenda mtupu, samli anaiweka aipake raketi yangu. Kila mwezi. Nimwambie, mke wangu, unaniulia? Wewe ungeweza?"

Ningeweza. Nilivyo mimi, ningesema siku hiyo hiyo. Nikamwongezea maji.

"Basi usimwambie," akasema, akafunga zipu.

Jumapili tukarudi Samuye. Mama alitupokea na michembe ya viazi vitamu na karanga, lakini kabla hata sijamaliza shikamoo yangu akauliza, "Imecheza?"

Baba alikuwa anapapasa kiti, hakugeuka.

"Imecheza, mama," nikasema. "Mpaka baba amenishinda."

"Si niliwaambia!" Akapiga makofi. "Moshi ni dawa. Ingekuwa kwa watu wengine ingeshaliwa zamani." Akainyang'anya mkononi mwangu, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akaona utepe. "Na hii nini?"

"Geita wanazifunga hivyo siku hizi," baba akadakia. "Urembo."

Mama akauangalia ule urembo bila kupendezwa sana. Kisha akachovya vidole kwenye samli, akaipaka raketi yote, fremu, mpini, na utepe pia, akapanda kwenye kigoda akaining'iniza mahali pake.